Kamera mpya, programu ya zamani na lenzi iliyotajwa kwa jina lisilo lake

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga picha wa harusi na sendofu, nipo Sinza. Kwa miaka mingi nimetumia Canon EOS 6D na Lightroom 6, programu ya kusafisha picha niliyoinunua mara moja bila malipo ya kila mwezi. Hivi karibuni nimenunua Canon EOS R6 iliyotumika, pale Kariakoo, pamoja na adapta ili niendelee na lenzi yangu ya zamani ya Tamron 24-70. Nina pia lenzi ya RF ya milimita 16 na Helios ya kizamani ya milimita 58. Lightroom inakataa kufungua faili za kamera hii, ingawa kwenye kioo cha kamera picha zinaonekana vizuri. Fundi mmoja aliniambia nibadilishe herufi za mwisho za jina la faili, haikusaidia. Nikajaribu darktable, faili zikafunguka, lakini rangi za ngozi zilibadilika, mistari ya ukuta ikavimba, na Tamron ikatajwa kwa jina la lenzi ya Canon. Je, nimeuziwa kamera mbovu? Nina harusi baada ya wiki mbili.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na katika yote uliyoyaeleza sijaona hata dalili moja ya kamera mbovu, kwa hiyo usikimbilie kuirudisha Kariakoo. Unachokiona kama tatizo moja ni matatizo matatu yaliyokukuta kwa pamoja. La kwanza ni kama programu inaweza kuifungua faili ya kamera yako. La pili ni kama inajua kihisi cha kamera hiyo, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, kinazipokea rangi kwa namna gani. La tatu ni kama inaitambua lenzi iliyofungwa mbele ya kihisi na kasoro zake. Taarifa za mambo hayo hukaa mahali tofauti ndani ya programu, mara nyingi zimeandaliwa na watu tofauti, na programu inaweza kuwa na moja ikakosa nyingine. Kwa sababu hiyo, mtu akikwambia kwamba programu fulani "inakubali" kamera yako, muulize inakubali kipi kati ya hivyo vitatu.

Tuanze na kufungua faili. Faili ghafi (RAW) inayoandikwa na kamera haijawa picha bado. Ni orodha ndefu ya vipimo vya mwanga. Kila pikseli ya kihisi imefunikwa kichujio cha rangi moja tu, nyekundu, kijani au samawati, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza mwaka 1976, na programu ndiyo inayokadiria rangi mbili zinazokosekana kwa kuangalia pikseli jirani. Vipimo hivyo huandikwa kwa biti 12 au 14. Biti 14 ni ngazi 16,384 za mwanga, wakati JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na hapo ndipo inapotoka ile nafasi unayoitegemea ya kurudisha nakshi za gauni jeupe lililopigwa na taa kali. Lakini kila kampuni huvifunga vipimo hivyo kwa njia yake, na kwa kawaida haichapishi maelezo ya namna ya kuvifungua. Watengenezaji wa programu hulazimika kujifunza kila kamera mpya inapotoka. Dave Coffin alianza mwaka 1997 kuandika programu ndogo iitwayo dcraw kwa ajili ya kazi hiyo hiyo, na programu nyingi za bure tunazozitumia leo zimejengwa juu ya msingi wake.

Kamera yako ya 6D huandika faili za CR2, ambazo muundo wake unatokana na TIFF, muundo wa siku nyingi wa faili za picha. Mwaka 2018, ilipotoka EOS M50, Canon ilianza kutumia CR3, ambayo ndani yake imepangwa kwa utaratibu wa familia moja na faili za video za MP4. Ni miundo miwili isiyohusiana. Kubadilisha herufi za mwisho za jina, kama alivyokushauri fundi, ni sawa na kubandika lebo ya unga wa sembe kwenye mfuko wa saruji: kilichomo ndani kinabaki kilekile. Wapo pia wanaobadilisha jina la kamera lililoandikwa ndani ya faili ili programu idhani ni kamera ya zamani. Njia hiyo huweza kufanya kazi kati ya kamera mbili zenye muundo uleule wa faili, lakini kati ya CR2 na CR3 haiwezekani kabisa, na hata inapowezekana programu itatumia vipimo vya rangi vya kamera nyingine. Kwa faili za mteja sikushauri uiguse.

Huenda umejiuliza kwa nini picha inaonekana kwenye kioo cha kamera ilhali programu inashindwa. Ni kwa sababu ndani ya kila faili ghafi kamera huweka pia nakala ya JPEG iliyokwisha kusafishwa, na vifaa vingi huonyesha nakala hiyo bila kugusa vipimo vyenyewe. Kuonekana kwa picha, basi, hakuthibitishi kwamba faili ghafi imesomwa.

Lightroom 6 ilitoka mwaka 2015, na sasisho lake la mwisho likatolewa Desemba 2017. EOS R6 ilitangazwa Julai 2020. Hakuna mpangilio wowote utakaoubadilisha ndani ya programu hiyo ukaifanya iijue kamera iliyozaliwa baada ya masasisho yake kukoma. Na hapa niseme jambo ambalo wengi wetu mjini hatupendi kulisikia: wanaotumia matoleo ya karibuni yaliyovunjwa kinga hukumbwa na tatizo hilihili, kwa kuwa uwezo wa kusoma kamera mpya huja kupitia masasisho, na nakala hizo kwa kawaida huwa zimezuiwa kusasishwa. Wewe ulinunua leseni halali, na bado una njia ya kuendelea nayo.

Njia hiyo ni kuzigeuza faili zako kuwa DNG. Adobe ilianzisha muundo huu mwaka 2004 ukiwa wazi, maelezo yake yakiwa yamechapishwa ili kila programu iweze kuusoma, na hutoa bure kigeuzi kiitwacho Adobe DNG Converter. Unakionyesha folda yenye CR3, kinatoa folda yenye DNG, na Lightroom 6 itazifungua kwa sababu vipimo vya rangi vya R6 vimeandikwa ndani ya faili yenyewe. Katika mipangilio ya kigeuzi yapo maelezo ya toleo la zamani zaidi ambalo faili ziendane nalo. Lightroom 6 imejengwa juu ya Camera Raw 9, sehemu ya Adobe inayosoma faili ghafi, hivyo chagua toleo lisilozidi hapo. Angalia pia mfumo endeshi wako, kwani matoleo ya karibuni ya kigeuzi hayakubali Windows 7. Ni faili kubwa kupakua, kwa hiyo ifanye kazi hiyo mahali penye intaneti ya uhakika badala ya kumaliza bando la simu.

Ninasisitiza jambo moja kwa nguvu zote: usifute CR3 baada ya kugeuza. DNG uliyoitengeneza inaweza kutengenezwa upya wakati wowote. CR3 ikipotea haitengenezwi tena. Tena programu ya Canon yenyewe, Digital Photo Professional, haifungui DNG zilizotoka kwenye kigeuzi cha Adobe, na utaona baadaye kwamba utaihitaji programu hiyo kwa lenzi yako ya milimita 16. Nunua diski ya ziada kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Kulipia usajili wa Lightroom ya sasa kutakuondolea hatua ya kugeuza, na kama una harusi kila wikendi huenda muda utakaouokoa ukazidi malipo. Darktable uliyoijaribu ni programu nzuri na ya bure. Imesoma CR3 tangu toleo la 3.8 lililotoka Desemba 2021, na baadhi ya picha zangu bora zimepitia humo. Hata hivyo nisingekushauri ujifunze programu mpya katika wiki mbili zinazotangulia harusi ya mtu.

Sasa rangi, ambapo ningependa tukae kidogo, maana ndipo wapiga picha wa Dar es Salaam wanapopoteza wateja bila kujua sababu. Huenda umeona kwamba ukifungua picha huonekana vizuri kwa sekunde moja, kisha hubadilika. Ile ya kwanza ni JPEG iliyopikwa na kamera. Ya pili ni tafsiri ya programu kutokana na vipimo ghafi. Vichujio vya rangi vya kihisi kimoja havilingani na vya kihisi kingine, hivyo programu inahitaji jedwali la kutafsiri kwa kila modeli ya kamera. Adobe kwa kawaida hutengeneza jedwali hilo chini ya mianga miwili: mmoja wa mchana wa takriban nyuzi 6,500 za Kelvin, na mwingine wa balbu ya zamani wa nyuzi 2,856, kisha programu hukadiria mianga iliyo kati ya hiyo miwili. Kumbi zetu hazina mchana wala balbu ya zamani. Jukwaa la maharusi huwashwa taa za LED za zambarau na buluu, huku meza zikiwa na taa za manjano, na mwanga wa LED una mapengo katika rangi zake ambayo jedwali hilo halikupimwa kuyakabili. Ngozi nyeusi yenye wekundu wa joto ndani yake huumia zaidi hapo: hugeuka kijivu au rangi ya chungwa, na bibi harusi anajua uso wake ulivyo.

Kwa hiyo ulichokiona katika darktable hakikuwa kosa la kamera. Programu hiyo haijaribu kuiga mapishi ya Canon, inakupa mahali pa kuanzia tu. Ukifungua DNG ndani ya Lightroom 6 utapata rangi zinazokaribia zile ulizozizoea kwa 6D, bila kuwa zilezile. Dawa ninayoiamini ni kadi ya rangi yenye miraba 24, iliyoanza kutumika mwaka 1976 na bado haijapata mpinzani. Unaipiga picha mara moja ukumbini, mbele ya jukwaa, taa zikiwa zimeshawashwa, kisha programu ndogo inayoambatana nayo hutengeneza profaili ya rangi, yaani jedwali la kutafsiri, kwa kamera yako chini ya mwanga ule. Kama huna kadi, piga kitu cheupe au cha kijivu kisicho na rangi ya ziada ili upate mizania ya weupe (white balance), na omba dakika chache taa za rangi zizimwe wakati wa picha za familia. Mshereheshaji mwenye busara hukubali akielezwa mapema.

Tuje kwenye lenzi. Kila lenzi hupinda mistari kidogo, hutia giza pembeni mwa picha, na huacha mchirizi wa zambarau au kijani kwenye kingo zenye mwanga mkali. Profaili ya lenzi ni faili ndogo yenye vipimo vya kasoro hizo tatu, na kwa lenzi ya kuvuta vipimo huchukuliwa katika urefu mbalimbali wa fokasi, kwa kuwa lenzi ileile inayovimbisha mistari kwenye milimita 24 huweza kuibonyeza ndani kwenye 70. Adobe wana profaili zao; darktable na programu nyingine ya bure, RawTherapee, hutumia hazina ya Lensfun, iliyokusanywa na watu wa kujitolea waliopima lenzi zao wenyewe. Ndiyo maana lenzi moja inaweza kujulikana huku na isijulikane kule. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba profaili iliyopimwa kwa kamera ya kihisi kizima (full-frame) huweza kutumika kwa kamera ya kihisi kidogo, lakini kinyume chake hakifai, kwa sababu pembe za picha hazikupimwa.

Programu huitambuaje lenzi? Lenzi za Canon za EF, tangu zilipoanza mwaka 1987, huzungumza na kamera kwa umeme, na kila aina hujitambulisha kwa namba. Watengenezaji wengine, kama Tamron na Sigma, hawakupewa namba zao katika mfumo huo, hivyo lenzi zao nyingi za zamani hujitambulisha kwa namba ambayo Canon iliitumia kwa lenzi yake. Kamera hailalamiki, inafanya kazi tu. Programu ikisoma namba hiyo baadaye, hulazimika kubashiri kwa kulinganisha urefu wa fokasi na upana wa tundu la lenzi, na mara nyingi hubashiri vibaya. Adapta yako haina lawama, kwani hupitisha taarifa za lenzi kama zilivyo.

Madhara yake si madogo. Niliwahi kupiga ndoa katika kanisa lenye nguzo ndefu pande zote mbili za njia ya kati, nikaiacha programu ichague lenzi yenyewe, nikachapa albamu nzima. Mama wa bwana harusi ndiye aliyeniuliza kwa nini nguzo zimekonda katikati. Programu ilikuwa imesahihisha kasoro za lenzi ambayo sikuwa nayo, na nilichapa albamu ile upya kwa gharama yangu. Tangu hapo, kwa lenzi isiyo ya kampuni ya kamera, mimi huchagua jina kwa mkono katika picha moja, hulihifadhi kuwa chaguo la kudumu, kisha hulitumia kwa picha zote zilizopigwa kwa lenzi hiyo. Fanya hivyo kwa Tamron yako, katika Lightroom na katika darktable pia. Hakikisha toleo ni lako hasa, maana ipo 24-70 ya mwaka 2012 na nyingine ya kizazi cha pili ya mwaka 2017. Na kama huioni profaili ya lenzi yako katika orodha ya Lightroom, angalia kwanza kama picha uliyofungua si JPEG, kwani profaili nyingi za Adobe huonekana kwa faili ghafi pekee.

Kuvimba kwa ukuta kulitokana, bila shaka, na RF ya milimita 16. Lenzi hiyo ilitoka mwaka 2021 na ilibuniwa kwa kutegemea programu. Canon waliifanya ndogo na nafuu kwa kuacha mistari ivimbe kama pipa na pembe ziwe na giza, kisha kamera husahihisha kabla hujaona chochote kwenye kioo. Ukiifungua faili ghafi katika programu isiyoijua, unaiona lenzi ikiwa uchi. Utaratibu huu si wa Canon peke yake: kamera za Micro Four Thirds, mfumo wa Olympus na Panasonic, zilianza mwaka 2008 zikiwa na maelezo ya marekebisho ndani ya faili, na DNG ikaongezewa nafasi ya kubeba maelezo ya aina hiyo katika toleo lake la 1.3 la mwaka 2009. Lightroom 6 ilisimama miaka minne kabla ya lenzi yako kuzaliwa, kwa hiyo picha za milimita 16 zipitishe kwanza katika Digital Photo Professional, ambayo ni bure kwa mwenye kamera ya Canon na inaifahamu lenzi hiyo. Washa marekebisho ya lenzi, toa TIFF ya biti 16, kisha malizia kazi katika Lightroom. Ni mzunguko, lakini picha za ukumbi mzima katika harusi moja hazizidi chache.

Helios haina umeme wowote. Faili zake hazitakuwa na jina la lenzi, urefu wa fokasi wala tundu lililotumika, na katika menyu ya kamera utalazimika kwanza kuruhusu ipige bila kutambua lenzi. Usipohitaji kupigia majengo, iache bila profaili. Kwa uso wa mtu upindaji wake hausumbui. Ila imulike kwa tochi kutoka nyuma kabla ya kuitegemea. Unyevu wa pwani yetu huotesha ukungu ndani ya lenzi kuukuu, na utando huo hauna profaili ya kuuondoa.

Wiki hii tafuta ukuta wa matofali yaliyojipanga vizuri au wa vigae, funga kamera kwenye mguu wa tatu, simama ukiutazama ukuta sambamba, na piga kila lenzi katika urefu wake mfupi, wa kati na mrefu. Piga pia anga jeupe la asubuhi ili uone giza la pembeni. Geuza faili hizo, zifungue, linganisha mistari marekebisho yakiwa yamewashwa na yakiwa yamezimwa. Kama safu ya matofali inanyooka, umechagua jina sahihi la lenzi. Kama inabonyea ndani baada ya kurekebishwa, jina si lenyewe.

Siku ya harusi ichukue na 6D, kwa kuwa CR2 zake zinafunguka moja kwa moja na zitakuwa akiba yako iwapo hatua yoyote ya kugeuza itakwama. Mwanzoni kabisa, kabla maharusi hawajaingia, mpige mtu mmoja akiwa amesimama jukwaani kwa kamera zote mbili, kwa mizania ileile ya weupe, na picha hizo mbili ndizo utakazoziweka ubavuni kwa ubavu nyumbani ili kuilinganisha ngozi ya R6 na ya 6D kabla ya kugusa picha nyingine yoyote.